Kutoka "die See" Hadi "der See": Majina ya Kijerumani Katika Njia ya Tabora

Somo letu la leo ni la historia, lakini tutaingia kwa mlango wa sarufi. Tutasema juu ya vineno vitatu vya Kijerumani: der, die na das. Mwalimu wa darasa na aviandike ubaoni kwa herufi kubwa. Kile cha kwanza hutamkwa karibu na "dea", cha pili "dii", cha tatu "das" kama kilivyoandikwa.

Mwaka 1890 Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa ametumikia serikali ya Misri kwa muda mrefu, alipandisha bendera ya Kijerumani hapa Tabora. Septemba 1916 Wabelgiji waliuingia mji, na bendera ile ikashuka. Katika miaka ile ishirini na sita vineno hivi vitatu viliandikwa katika maelfu ya karatasi za bomani: habari za vita, za kodi, za ardhi, za njia ya reli. Karatasi nyingi za utawala ule zimehifadhiwa hata leo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Atakaye kujua Wajerumani waliandika nini juu ya babu zake lazima apite mbele ya mabawabu hawa watatu.

Tuanze na njia yenyewe. Msafara uliotoka Bagamoyo ulipanda Usagara, ukapita Mpwapwa, ukavuka Ugogo, ukaingia Mgunda Mkali, ile nyika yenye shida ya maji, ukatokea Tura, kisha Tabora. Baada ya kupumzika na kutafuta wapagazi wengine, ulishika njia ya magharibi, ukavuka mto Malagarasi, ukapita Uvinza penye chumvi, mpaka Ujiji. Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Tabora Novemba, na safari yao haikuwa ya ajabu kwa urefu wake.

Sasa sikilizeni. Kijerumani kina jina moja, See, nalo hutamkwa "zee", kama mzee aliyepotewa na m wake. Ukisema die See, maana yake ni bahari. Ukisema der See, maana yake ni ziwa. Herufi ni zile zile, sauti ni ile ile, kilichobadilika ni kile kineno cha mbele tu. Kwa hiyo njia yote ya misafara, Kijerumani huieleza kwa maneno mawili: ilitoka kwenye die See pale Bagamoyo, ikafika kwenye der See pale Ujiji. Karani aliyekosea kineno hicho aliweza kumpeleka mtu wa Ujiji pwani, na reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni karibu kilomita 1,250. Nadhani mmekwisha ona kwamba hili si jambo la mapambo.

Kila jina la Kijerumani lina jinsi yake, na jinsi ni tatu: ya kiume, ya kike, na ya tatu isiyo ya kiume wala ya kike. Jina la kiume hutanguliwa na der, la kike na die, la tatu na das. Yakiwa katika wingi, yote huchukua die. Mwanamume ni der Mann, mwanamke ni die Frau, mtoto ni das Kind. Hapa hapana shida. Shida huanza mtu akiacha watu akaingia jikoni. Kijiko ni der Löffel, uma ni die Gabel, kisu ni das Messer. Nani kati yenu amepata kuona kijiko dume? Jua ni la kike, die Sonne. Mwezi ni wa kiume, der Mond. Na msichana, das Mädchen, hayumo katika jinsi ya kike. Mark Twain, mwandishi wa Marekani, mwaka 1880 alitoa makala nzima ya kuidhihaki lugha ya Kijerumani, na mambo haya ya jinsi hayakunusurika.

Lakini sisi tusicheke kwa sauti kubwa. Mgeni akituuliza kwa nini twasema mkono umevimba kama tusemavyo mti umeanguka, tutamjibu nini? Je, mkono ni mti? Twasema kisu kimepotea, lakini kiongozi amefika, kipofu amekaa, kifaru amekimbia. Jina lina umbo la ki-, ila kitendo kimefuata uhai wa huyo anayetajwa. Wajerumani nao hufanya jambo lililo karibu sana na hilo. Husema das Mädchen kwa kufuata umbo la neno, kisha wakiendelea kumtaja yule msichana, mara nyingi husema sie, yaani yeye wa kike, kwa kufuata maana. Kwa hiyo Mswahili aliye na kiongozi nyumbani mwake asimshangae Mjerumani kwa Mädchen yake.

Aliyeona mapema kwamba ngeli zetu na jinsi zao ni ndugu alikuwa Mjerumani, Wilhelm Bleek, ambaye ndiye aliyezipa lugha zetu jina la Bantu. Katika sarufi yake aliyoanza kuitoa mwaka 1862 alizitazama ngeli kama namna ya jinsi. Nami naona alikuwa na haki. Kazi ya jinsi ni kuyafanya maneno yakubaliane, na wala si lazima ituambie kama kijiko ni dume au jike. Sisi twasema vitabu vyangu vikubwa vimeanguka, na ile vi- inalia kama kengele katika kila neno. Mjerumani naye hupatanisha kineno cha mbele, neno la sifa, na neno la kurejelea jina. Tofauti ni kwamba kengele yetu imefungwa mwanzoni mwa jina lenyewe, hata mtoto huisikia, na kengele yake imewekwa nje, katika der, die na das. Ndiyo maana walimu wa Kijerumani husema: usijifunze jina peke yake, jifunze pamoja na kineno chake. Usiandike Messer katika daftari yako, andika das Messer.

Hata hivyo zipo alama za kusaidia, na kwa mtu wa Kiswahili baadhi yake ni rahisi kuliko kwa Mwingereza. Sisi tuna u- ya kufanyia majina ya mambo yasiyoshikika: huru, uhuru, moja, umoja, toto, utoto. Wao huweka -heit nyuma ya neno: frei, huru, die Freiheit, uhuru, die Einheit, umoja, die Kindheit, utoto. Majina yote ya -heit na -keit ni ya kike, na kadhalika yale ya -ung, kama die Zeitung, gazeti. Sisi tuna ki- ya kudogosha. Wao wana -chen na -lein, na kila jina lililodogoshwa hivyo huwa das. Hapo ndipo siri ya Mädchen ilipo: asili yake ni jina la kudogosha. Na sisi twageuza kitendo kuwa jina kwa ku-, tukasema kusoma kwake kunapendeza. Wao huchukua kitendo lesen, kusoma, wakaandika das Lesen kwa herufi kubwa, na daima ni das.

Jambo jingine ni majina yaliyounganishwa. Chuma ni das Eisen, njia ni die Bahn, reli ni die Eisenbahn. Mwenye amri ni neno la mwisho. Sisi amri tumelipa neno la mwanzo: twasema njia ya reli imeharibika, nalo neno reli halina sauti hapo.

Lakini mtu ataniuliza, je, sisi twaishije bila vineno hivyo? Kitabu kwetu ni kitabu tu, kiwe kile tunachokijua au chochote kile. Ni kweli hatuna, lakini kazi yake tunayo. Sikilizeni hadithi za bibi zetu. Huanza: hapo kale palikuwa na mtu mmoja. Kisha: yule mtu akaenda mwituni. "Mtu mmoja" ndiyo ein Mann ya Kijerumani, kwa sababu hatujamfahamu bado. "Yule mtu" ndiyo der Mann, kwa sababu tumekwisha tambulishwa. Tena twasema nimesoma kitabu, na nimekisoma kitabu. Ile -ki- iliyoingia katikati yamwambia msikilizaji kwamba kitabu hicho anakijua.

Nasi watu wa njia hii hatukuanza na Wajerumani kukutana na kineno cha namna hii. Cha kwanza kilikuwa al- ya Kiarabu. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikaa Tabora tangu katikati ya karne ya 19, na Kiswahili walichokuja nacho kilikuwa tayari kimemeza kineno hicho kikiwa kimeshikamana na majina. Alfajiri, alasiri, Alhamisi, zote zina al- mbele. Katika adhuhuri na asubuhi ile l imezama ndani ya herufi inayofuata, kama Waarabu wenyewe watamkavyo. Hakuna anayehisi leo kwamba asemapo alasiri ametamka maneno mawili.

Maneno ya Kijerumani yaliingia kwa njia nyingine. Die Schule ilikuja kwetu ikawa shule. Der Heller, sarafu ndogo iliyoanza kutumika mwaka 1904, mia kwa rupia moja, ikawa hela. Jina la kwanza lilikuwa la kike, la pili la kiume. Yalipovuka mpaka, die na der yaliachwa forodhani, na yote mawili yakaketi katika ngeli moja: shule hii, hela hii, shule hizi, hela hizi. Unguja, ambako Wajerumani hawakutawala, watu husema skuli, kwa kufuata Kiingereza. Hivi mtu akisema shule tu, amekwisha taja ni dola gani iliyotawala bara.

Maneno yetu nayo yalipokwenda kwao yalivishwa nguo mpya. Askari akawa der Askari. Safari kwao ni die Safari, na boma, ambalo kwetu ni boma hili na maboma haya, likaandikwa die Boma, yaani la kike. Boma la Kijerumani la Tabora lingali limesimama juu ya kilima chake, na sidhani kuna anayeliona kuwa la kike.

Sasa tufike kwenye jambo zito. Der, die na das hubadilika kwa kufuata kazi ya jina katika sentensi. Mtendaji wa kiume ni der, lakini mtendwa wa kiume ni den. Anayepewa kitu ni dem, na mwenye mali ni des. Mimi nitachukua der na den tu. Andikeni: Der Leutnant sieht den Sultan. Maana yake, luteni amwona sultani. Sasa pindueni: Den Sultan sieht der Leutnant. Sultani ametangulia, lakini maana haikubadilika hata kidogo. Anayeona bado ni luteni, kwa sababu der iko kwake. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kwamba anayetangulia ndiye mtendaji, atasoma kinyume. Weka "alimpiga" mahali pa "aona," na utaona hatari yake: aliyepigwa amegeuka kuwa mpigaji kwa sababu ya herufi moja, r au n.

Katika habari za Tabora maneno ya namna hii si mchezo. Wajerumani walipenda kuwaita watemi kwa jina la Sultan. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga, akashambuliwa zaidi ya mara moja, na Januari 1893 Tom von Prince akaivunja ngome yake. Isike aliwasha baruti ndani ya ngome yake mwenyewe kuliko kujitoa. Habari za vita vile zimeandikwa kwa lugha ya walioshinda. Nani alianza, nani alimtumia nani ujumbe, nani alivunja ahadi, yote hayo katika maandishi yao yananing'inia kwenye der na den.

Baada ya Isike, Wajerumani walimkubali Nyaso kushika utawala, naye alikuwa mwanamke. Kiswahili na Kinyamwezi havina taabu hapo: mtemi ni mtemi, amekuja, ameketi, amesema, awe mume au mke. Kijerumani hakiwezi kunyamaza hivyo. Akitaka kumwita sultani, Mjerumani huongeza -in nyuma na kubadili kineno cha mbele: der Sultan, die Sultanin. Kisha ipo ajabu nyingine. Katika jinsi ya kike, mtendaji na mtendwa wote ni die. Die Sultanin sieht die Karawane: je, Nyaso auona msafara, au msafara wamwona Nyaso? Hapa kineno hakikusaidii, utarudi kwenye mpangilio wa maneno na akili yako mwenyewe.

Tatizo hilo lilimkabili pia Heinrich Brode. Yeye ndiye aliyetoa maisha ya Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed, kwa Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kijerumani, mwaka 1902 na 1903. Tippu Tip alikuwa ameyaandika mwenyewe kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mtu huyo alikuwa wa njia yetu hii. Baba yake alikuwa na makao Ituru, karibu na Tabora, na alioa katika nyumba ya mtemi Fundikira. Fikirini kazi ya mfasiri. Kila aonapo "alikuja," lazima aamue: er, yeye wa kiume, au sie, yeye wa kike. Kila aonapo "pembe," lazima aamue: der Zahn, jino moja la tembo, au das Elfenbein, pembe kwa jumla kama bidhaa, tena ni pembe fulani au pembe zozote? Kiswahili kimemwachia msikilizaji mambo mengi, na Kijerumani kinayadai yote mlangoni.

Na hapa ni haki kuwataja wale waliowafundisha Wajerumani lugha yetu. Krapf, mtu wa Württemberg, alifika Mombasa mwaka 1844 na kutoa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Mwaka 1887 ilifunguliwa Berlin shule ya lugha za mashariki, ambako maofisa walijifunza Kiswahili kabla ya kupanda meli. Mwalimu mmoja huko alikuwa Amur bin Nasur wa Unguja; mwingine, tangu 1900, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalitolewa mwaka 1903. Mtoro alikufa Berlin mwaka 1927. Ofisa aliyekuwa amezaliwa na jinsi tatu ilimpasa ajifunze kwa watu hawa ngeli zetu zote, na kwa upande wao walimu hao waliishi katika mji ambao hata kununua mkate, das Brot, kulihitaji jinsi.

Mtu atasema, basi watu wa Tabora wenyewe walijifunza Kijerumani kiasi gani? Wachache tu. Serikali ile iliamua kutawala kwa Kiswahili. Katika shule za serikali, kama ile ya Tanga iliyofunguliwa mapema miaka ya 1890, masomo yalikuwa kwa Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na Kijerumani kilipewa wale waliopanda madarasa. Tanga ndiko lilikotolewa gazeti la Kiongozi la wakati ule, ambalo msilichanganye na Kiongozi la Wakatoliki lililokuja kuchapwa Tabora miaka mingi baadaye. Walioshika der, die na das walikuwa makarani, wakalimani, na vijana wa telegrafu na reli. Wapo Wajerumani waliolalamika kwamba Kiswahili kimefungamana na Uislamu. Wapo waliochelea kwamba Mwafrika akijua Kijerumani ataelewa yale mabwana wanayoambiana. Hofu ile ya pili, kwa maoni yangu, ilikuwa na msingi.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mpagazi, der Träger, akakosa kazi kwa sababu ya treni, der Zug, jinsi ile ile. Halafu ikaja vita. Mwaka 1916, fedha zilipokosekana kutoka Ulaya, Wajerumani walipiga sarafu hapa hapa Tabora katika karakana ya reli: hela za shaba, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Juu yake pameandikwa 15 RUPIEN, bila der wala die wala das, kwa maana sarafu haina nafasi ya maneno mengi.

Septemba mwaka ule Wabelgiji waliingia na Kifaransa chao, chenye jinsi mbili tu, le na la. Kisha Tabora ikaja mikononi mwa Waingereza, na Kigoma nayo mwaka 1921, na Kiingereza kina kineno kimoja tu, the, kwa mume, mke na kijiko. Kwa hiyo mzee aliyekaa sokoni Tabora tangu ujana wake alipitiwa na vineno vitatu, kisha viwili, kisha kimoja, naye akaendelea kuuza karanga zake kwa lugha isiyo na hata kimoja.

Siku hizi wapo vijana wa Tanzania wanaojifunza Kijerumani kwa ajili ya utalii, na wengine kwa ajili ya uuguzi huko Ujerumani. Shida yao ya kwanza ni ile ile ya karani wa mwaka 1905.

Fungueni daftari. Zoezi ni hili. Andikeni majina haya pamoja na kineno chake: Kind, Sonne, Mond, Messer, Freiheit, Lesen, Eisenbahn. Kisha mwalimu asome sentensi hii mara mbili, nanyi mseme ni nani amwitaye mwenzake: Den Askari ruft der Sultan. Mwisho, mwandikie Mjerumani, kwa jina na kineno chake, mahali msafara ulipoanzia na mahali ulipoishia. Majibu tutayasoma mwanzoni mwa somo lijalo.